Nimefungua duka la uzazi na shoga yangu, huu ni mwaka wa tatu: hesabu, dera na daftari la kudunduliza

Habari zenu wanajukwaa.

Wiki iliyopita kuna dada aliuliza hapa kama ni busara kufungua duka la vitu vya wajawazito na wazazi kwa kushirikiana na rafiki yake. Wengi walimjibu kwa mstari mmoja tu, kwamba pesa na urafiki havikai chungu kimoja. Mimi ninalo duka la namna hiyo, na shoga yangu ndiye yuko kaunta sasa hivi ninapoandika. Nimeona nimjibu kwa kirefu, na wengine wafaidike.

Tuko Mbagala, Dar es Salaam, kwenye njia ya kuelekea hospitali. Tulijuana mwaka 2021 kwenye benchi la kliniki, wote tuna mimba ya kwanza. Pale unafika saa 1 asubuhi na kadi yako, unasubiri kupimwa uzito na presha, na mazungumzo ni yale yale: nani kanunua nini, wapi, kwa bei gani. Karibu kila mtu alikuwa ameshakwenda Kariakoo na tumbo la miezi minane, jua kali, mikokoteni inamsukuma Mtaa wa Kongo, ili apate beseni, shali na khanga. Tukajiuliza kwa nini vitu hivi visipatikane huku huku, chini ya paa moja.

Tulifungua Februari 2023. Mimi niliweka 3,500,000, akiba yangu ya miaka minne. Mwenzangu aliweka 2,000,000 za mchezo wa kupeana, na ana cherehani na mikono yake, maana yeye ni fundi. Fremu ni 150,000 kwa mwezi, mwenye nyumba akataka ya miezi sita mkupuo, 900,000. Dalali akachukua ya mwezi mmoja, 150,000. Shelfu, rangi, taa na kufuli vikala 600,000. Kwa hiyo kabla hatujanunua hata soksi ya mtoto, 1,650,000 ilikuwa imekwenda. Tukatenga 350,000 ya dharura, tukabaki na 3,500,000 ya kununulia mzigo. Dada, hapo ndipo wengi wanapokwama: wanapiga hesabu ya mzigo, wanasahau kwamba fremu inakula kwanza.

Kosa kubwa la kwanza lilikuwa langu. Nilishikilia kwamba duka la wajawazito lazima lijae magauni ya wajawazito. Nikanunua 40 kwa 35,000 kila moja, 1,400,000 nzima. Miezi mitatu ikapita, tumeuza 9.

Sikuwa nimelifikiria dera. Mwanamke wa kwetu akishika mimba anavaa dera. Linaanza na tumbo la miezi miwili, linafika nalo mpaka tisa, akijifungua analivaa ndani, akipona analivaa sokoni. Bei yake nusu ya gauni langu. Kwa nini anunue nguo ya kuvaa miezi minne? Nilitakiwa kulijua hilo, kwa sababu mimi mwenyewe mimba yangu yote nilivaa madera matatu.

Aliyetuokoa ni mwenzangu. Aligundua kwamba dera haliingii kila mahali. Mwalimu haingii nalo darasani, anayekaa kaunta ya benki haruhusiwi. Akaanza kushona sketi na suruali za kazini zenye mkanda mpana wa mpira tumboni, wa kuvutika. Hizo zinaagizwa mpaka leo, tena kwa zamu. Na yale magauni 31 yaliyobaki akayafumua kifuani, akaweka zipu mbili za kuficha kwenye mishono ya mbele, yakawa magauni ya kunyonyeshea. Mama anayavaa akiwa mjamzito, na anaendelea kuyavaa mwaka mzima baadaye. Yaliisha ndani ya wiki saba.

Sidiria za kunyonyesha nazo zinatembea vizuri, ila zinahitaji mtu wa kukaa na mteja. Tunamshauri asubiri mpaka mwezi wa nane, maana mbavu zimeshatanuka, na achague inayomkaa vizuri kwenye kishikizo cha mwisho kabisa, kile cha kulegeza. Akijifungua mbavu zikirudi, anakaza. Na msijaribu kuchukua za mtumba hata kama belo ni la daraja la kwanza. Nguo za ndani za mtumba TBS, shirika la viwango, imezipiga marufuku, na mama anayenyonyesha hastahili kuvalishwa sidiria iliyokwishavaliwa na mtu asiyemjua.

Khanga tunachukua kwa korija Kariakoo, tunauza doti moja moja. Kila mteja tunamwambia azifue mara mbili tatu kabla ya siku yake, kwa sababu khanga mpya ina wanga, ngumu, haifyonzi maji. Wengine wanatuona tunajiharibia, eti tumwache aje na mpya zinazong'aa. Akifika wodini na khanga zisizofyonza, atakumbuka alikozinunua.

Sasa niwaeleze jambo ambalo hatukulijua wakati tunaanza. Wateja wengi hawataki kununua mapema. Si kwamba hawana pesa. Wamelelewa kuamini kwamba kumnunulia nguo mtoto ambaye hajazaliwa ni kumkaribisha mkosi. Mama mkwe akikuta fulana ndogo kabatini, ni kesi. Kwa hiyo wananunua wiki ya mwisho, au baba anakuja mbio saa 4 usiku mkewe ameshapelekwa wodini. Tumeandika namba ya simu mlangoni, na mwenzangu anaishi nyumba ya nne kutoka dukani. Ameshafungua duka saa 9 usiku zaidi ya mara moja.

Kutokana na hilo tukaanzisha daftari la kudunduliza. Mteja anachagua vitu vyake, analipa kidogo kidogo, hata 2,000, na vitu vinabaki dukani kwenye mfuko wenye namba yake. Hakuna kitu kinachoingia nyumbani kwake mpaka mtoto azaliwe. Mkosi hauna mlango wa kuingilia, na sisi tuna uhakika wa mauzo. Leo karibu nusu ya tunachouza kinapitia kwenye daftari hilo.

Na ni daftari hilo lililotaka kutuvunja.

Mwezi wa nane tangu tufungue nilipiga hesabu nikakuta pungufu ya 86,000. Nikahesabu tena, ikawa ile ile. Nikamuuliza mwenzangu, akasema atanieleza. Siku tatu hakunieleza. Nilianza kuwaza mambo mabaya: ana mdogo wake anayesoma, ana kodi ya nyumba. Siku ya nne nikamwambia kwa sauti ya juu, mbele ya mteja, kwamba kama anachukua pesa aseme. Hakujibu. Alifunga cherehani, akaenda kwao.

Jioni alinitumia ujumbe. Kuna mama aliyekuwa akidunduliza kwetu tangu mimba ya miezi minne, mfuko namba 17, alikuwa amefikisha 86,000. Mtoto alizaliwa akiwa amefariki. Mume wake alikuja dukani peke yake, akasimama, hakusema anataka nini. Mwenzangu alifungua droo akamrudishia pesa zote. Hakuandika kwa sababu hakujua aandike nini. Daftari letu lilikuwa na safu ya "amelipa" na safu ya "amechukua". Hakukuwa na safu ya kilichompata yule mama.

Nilikwenda kwao usiku ule ule. Sitaandika tuliyozungumza. Asubuhi tulichora safu ya tatu, "amerudishiwa", bila sababu, tarehe na kiasi tu. Na tukakubaliana kwamba pesa ya kudunduliza inarudishwa yote, siku hiyo hiyo, na hakuna kumuuliza mtu chochote. Kwa hiyo pesa hiyo hatuigusi kununulia mzigo. Inakaa kwenye laini yake ya simu, maana mpaka mtoto azaliwe si yetu.

Mnaosema tatizo ni kufanya biashara na rafiki, mimi naona tatizo letu lilikuwa safu moja iliyokosekana kwenye daftari, na mdomo wangu. Na angekuwa mtu baki, sidhani kama ningemfuata usiku.

Ulizeni, nitajibu kadiri nitakavyopata nafasi.

Mama Pacha (Mwanza): Nimesoma nikalia hapo namba 17. Swali langu ni la faida. Wewe umeweka nyingi, yeye ameweka kidogo lakini ndiye anayeshinda dukani na kushona. Mnagawanaje bila manung'uniko?

Mtoa uzi: Dada, tulitenganisha kazi na mtaji. Anayekaa dukani analipwa 200,000 kwa mwezi kabla ya kuzungumzia faida. Siku zangu za Jumamosi nalipwa kwa siku. Kushona kunalipwa kwa nguo, 8,000 kwa sketi, na cherehani inabaki mali yake. Ndipo kinachobaki tunakikata mara mbili, nusu inarudi kwenye mzigo, nusu tunagawana kwa mtaji, yeye mafungu 4 mimi 7. Miezi mitano ya mwanzo hakukuwa na cha kugawana, na ile 200,000 ilitoka kwa shida. Muwe mmejiandaa kwa hilo.

Mkunga Mstaafu: Mwanangu, hongera kwa la khanga, umewasaidia wengi. Ila leo asubuhi nimepita hapo Mbagala, na kama duka ni lile ninalolidhania, dirishani kuna chupa za kunyonyea na chuchu za rangi, na tangazo kwamba anayenunua seti ya nguo anapewa chupa bure. Hilo liondoeni. Kanuni za mwaka 2013 za vyakula vya watoto wachanga na wadogo hazihusu maziwa ya kopo peke yake, zinahusu pia chupa na chuchu. Hairuhusiwi kuvitangaza, kuvipunguzia bei wala kuvitoa zawadi. Mzizi wake ni makubaliano ya dunia ya mwaka 1981, kwa sababu watoto walikuwa wanakufa kwa kuhara, chupa chafu na maziwa yaliyozimuliwa maji. Mtoto miezi 6 ya kwanza ni ziwa tupu. Mama akirudi kazini akamue, mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo, hata mchanga anaweza. Kikombe kinaoshwa kikatakata, chuchu ina kona.

La pili. Glovu, wembe na vibanio vya kitovu ni vifaa tiba, havikai pamoja na soksi. Mnafanyaje?

Mtoa uzi: Shikamoo mama. Ni duka lenyewe. Nimempigia mwenzangu sasa hivi, chupa zimeshatoka dirishani na tangazo limebanduliwa. Tulidhani tunampa mzazi zawadi nzuri, kumbe tulikuwa tunamwambia mama kwamba chupa ni sehemu ya kuzaa. Asante sana. Vikombe vidogo vyenye mfuniko tutavitafuta wiki hii.

Vifaa tiba hatuuzi. Ipo famasi iliyosajiliwa mkono wa pili wa barabara, tunamwandikia mteja karatasi anakwenda kununua kule. Sisi tunaishia kwenye khanga, mpira wa kutandika, beseni, pedi za uzazi, pampasi, sabuni, shali, na nguo ya kutokea hospitali.

Mkunga Mstaafu: Marahaba. Vizuri. Na kama mnauza mikanda ya kufunga tumbo baada ya kuzaa, aliyepasuliwa msimuuzie kabla hajaulizia kwa waliomfanyia upasuaji. Wanaikaza kupita kiasi.

Mhasibu Kijana: Mada nzuri ila hujagusa serikali kabisa, na hapa ndipo maduka madogo yanapofungwa makufuli. Je, mmesajili? Kodi ya pango mnakata zuio?

Mtoa uzi: Jina tulisajili BRELA, kwa wasajili wa biashara, kama ubia, majina yetu wawili, kisha TIN, namba ya mlipakodi, kisha leseni ya manispaa. Hilo la zuio lilitukamata bila kujua. Tulimlipa mwenye nyumba 900,000 kamili, kumbe mpangaji wa biashara anatakiwa akate 10% aipeleke TRA, yaani 90,000, na mkataba wenyewe una ushuru wa stempu 1%. Tulipokwenda kukadiriwa tukaambiwa tulipe sisi, kwa sababu mwenye nyumba ameshachukua zote na hataki kusikia. Mkataba wa pili tulimweleza kabla ya kumpa shilingi, akanuna, mwisho akakubali na tukampa stakabadhi. Mashine ya risiti tunayo, maana mauzo yetu yamevuka milioni 11 kwa mwaka.

Mhasibu Kijana: Safi. Niongezee kwa wasomaji: ubia si kampuni. Deni la duka ni deni la kila mbia mpaka mfukoni mwake. Shoga yako akikopa mzigo wa 3,000,000 kwa jina la duka akashindwa kulipa, mwenye mzigo anaweza kuja kwako uliyekuwa umelala. Limo kwenye Sheria ya Mikataba, Sura 345. Muandike kiwango ambacho mmoja hawezi kukikopa bila saini ya mwenzake.

Mtoa uzi: Kiwango chetu ni 200,000. Zaidi ya hapo saini mbili.

Baba Mtarajiwa: Samahani dada zangu, mimi ni mwanaume pekee naona. Mke wangu ana miezi saba. Nikija dukani kwenu niseme nataka nini nisionekane mjinga?

Mtoa uzi: Karibu sana kaka, hakuna mjinga anayekuja mapema. Njoo na kadi yake ya kliniki, au upige picha orodha aliyopewa, maana kila kituo kina yake na hatupendi kubahatisha. Kwa kawaida doti tano za khanga zinatosha, na usichukue nguo nyingi za saizi ndogo kabisa, mtoto anaziacha baada ya wiki chache. Kofia na soksi usikose. Na kabla hujaja muulize mkeo kama anataka vikae nyumbani au vikae kwetu. Wengine hawasemi, lakini moyoni wanaogopa.

Nilishachomwa: Mimi nilikuwa na duka kama hilo na rafiki yangu wa shule. Tulivunjana kwa zawadi. Kila bebi shawa ya ndugu yake alichukua vitu, "nitarudisha mwisho wa mwezi". Mpaka leo hatusalimiani. Wewe umebahatika, usiwape watu matumaini.

Mtoa uzi: Pole sana, nimekuelewa na sitabishana nawe. Sisi pia tulianza hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa mkosaji, kila harusi na kila mtoto wa ukoo nilibeba kitu. Mwenzangu aliniambia siku moja bila kununa kwamba nimetoa shali sita na ndugu zangu wanajua njia ya duka. Sasa kila mmoja wetu ni mteja, ananunua kwa bei ya jumla na analipa papo hapo. Na kila Jumamosi jioni tunahesabu shelfu kwa shelfu, wawili pamoja, hata kama tumechoka. Bila ile Jumamosi naamini tungekuwa kama ninyi.

Nikiri na hili pia. Kwenye mkataba wetu wa karatasi mbili tuliandika kifo, tukaandika mume akihamishwa kikazi, tukaandika ugonjwa. Wanawake wawili wenye duka la uzazi hatukuandika mimba! Mwaka jana mwenzangu akashika mimba ya pili, tukaanza kuangaliana. Nani atakaa kaunta? Ile 200,000 anaendelea kulipwa au inasimama? Tukaazima kipimo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: siku 84, na 100 wakiwa zaidi ya mmoja. Siku hizo analipwa kama kawaida, binti wa kusaidia analipwa kutoka kwenye faida kabla ya kugawana, na akirudi anapata muda wake wa kunyonyesha. Sheria hiyo ni ya mwajiri na mwajiriwa, haikuwa lazima kwetu. Lakini tunawauzia akina mama nguo za kurudia kazini, halafu tuje tunyimane wenyewe?

Aliyeuliza wiki iliyopita: Dada, ni mimi. Nimesoma kila neno. Jana tumekaa na mwenzangu tukaandika karibu yote, na mimba tumeiweka. Tumekwama sehemu moja tu: Lipa Namba, ile ya wateja kulipia kwa simu, ikae kwenye simu ya nani?

Mtoa uzi: Isajilini kwa jina la duka na TIN ya duka, kwenye simu ndogo ya batani inayobaki dukani, isiyobebwa na mtu kwenda nayo nyumbani. Namba ya siri mjue wote. Laini ya kudunduliza iwe nyingine, simu nyingine, na hiyo muifunge kwenye droo yenye funguo mbili. Jioni anayefunga anapiga picha ujumbe wa salio za laini zote mbili anamtumia mwenzake, kila siku, hata mkiuza 3,000. Siku ukisahau, mwenzako akikukumbusha usikasirike.

Na mkinunua daftari, chukueni lenye safu nne, tatu kama zetu na moja ya akiba.